Kamera Haipandi Ngazi: Mwongozo Kamili wa Kutengeneza Filamu ya Mlinzi wa Geti, Kigoma, kwa Mfuko Mdogo

Ukikaa na vijana wanaotaka kutengeneza filamu hapa mwisho wa reli, hadithi ya kwanza utakayosikia ina boti mbili zinazofukuzana ziwani, harusi ya watu mia tatu na gari jeusi lenye vioo vya giza. Ukiwauliza mfukoni kuna shilingi ngapi, wanacheka. Nimecheka nao miaka kadhaa, hadi nilipokubali kwamba filamu ninayoweza kuimaliza ni ile ambayo mambo yake yanakuja yenyewe mbele ya kamera.

Geti la ghorofa la kupangisha ni mahali pa namna hiyo. Soja, yaani mlinzi, amekaa kwenye kiti chake, watu wanampitia: mpangaji anayekwepa kodi, bodaboda aliyeleta migebuka, mke aliyerudi ghafla kutoka Kasulu, mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na pipi. Hukodi lokesheni (mahali pa kurekodia) ya pili wala huhamishi vyombo.

Mwongozo huu ni wa filamu ya dakika 20 hivi: watu watano nyuma ya kamera, simu nzuri au kamera ndogo ya kuazima, siku sita za kurekodi. Aliyeko Tabora anaweza kuufuata pia, ila mambo ya ziwa itabidi ayaruke.

Hatua ya 1: Sharti kwanza, hadithi baadaye

Kabla hujaandika neno, jiwekee sharti moja: kamera haipandi ngazi. Inaona anachokiona mlinzi, basi. Ya ghorofa ya pili tutayasikia, au atatusimulia anayeshuka, au tutayasoma usoni mwa mlinzi. Sharti hili linakuokolea pesa, kwa sababu huombi vyumba vya watu, hupambi sebule, huhitaji taa za ndani. Linaisaidia pia hadithi. Mtazamaji akishajua kwamba hatapanda juu, anaanza kutega sikio.

Sasa tafuta kinachomkosesha mlinzi usingizi. Usianze na "maisha magumu", maana ugumu wa maisha peke yake hauna mwanzo wala mwisho. Anza na kitu kinachoshikika mkononi. Mimi nachagua daftari la wageni. Aliyewahi kuingia jengo lenye soja analijua: kaunta buku lenye jalada gumu, mistari imepigwa kwa rula ya kuazima, peni imefungwa kwa uzi wa nailoni isije ikatoroka. Safu zake ni jina, utokako, chumba unachokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Sahihi nyingi ni mkwaruzo tu. Msomi anaandika 20:00, mama muuza dagaa anaandika saa 2 usiku, na mlinzi mwenyewe ndiye anayejua kwamba walipishana hapo mlangoni.

Tuseme mgeni ameingia saa 2 usiku, chumba namba 6. Safu ya kutoka iko wazi. Asubuhi mpangaji wa namba 6 anashuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mgeni wako kaamkaje?"

"Mgeni gani?"

Mlinzi anafunika daftari polepole. "Basi. Nimechanganya namba."

Kisanduku kimoja kisicho na saa kinatosha kubeba dakika 20. Mlinzi akisema, huenda akavunja nyumba ya watu. Akinyamaza, mwenye jengo atakuja kukagua daftari mwisho wa wiki. Na mgeni bado yuko juu, au alitoka wakati mlinzi amesinzia, jambo ambalo hawezi kulikiri kwa yeyote.

Andika kurasa 20 hivi, sini (vipande vya hadithi vya mahali na wakati mmoja) 12 hadi 15. Kwa mpangilio wa kawaida wa skripti, ukurasa mmoja hukaribia dakika moja ya filamu. Ukikuta mlinzi ana mazungumzo yanayozidi mistari minne mfululizo, futa miwili. Kuna pia ugonjwa wetu wa kumfanya mlinzi kichekesho kwa lafudhi yake ya Kiha. Achana nao. Mwache aongee anavyoongea, amsalimie mama wa Kiha kwa Kiha na mgeni wa Dar kwa Kiswahili, nawe uweke maandishi chini ya picha pale panapohitajika.

Hatua ya 2: Kesha na soja, bila kamera

Tafuta mlinzi wa kweli, muombe yeye na mwajiri wake, kisha kaa naye usiku mzima mara mbili. Ruhusa ya mwajiri ni muhimu, kwani kuna watu waliofukuzwa kazi kwa kukutwa wanapiga soga na mgeni getini. Nenda na kahawa na kashata, kamera iache nyumbani.

Utaona mambo ambayo hungeyabuni. Anapoandika usiku, tochi anaibana kwapani. Akila, hageuzi mgongo kwenye geti. Kiti chake cha plastiki kina mguu uliofungwa waya, na ameshajua aegemee upande gani. Mlio wa pikipiki ukisikika mbali, ananyanyuka kufungua kabla ya honi, kwa sababu anazijua pikipiki za wapangaji wake kama mchungaji anavyojua kengele za ng'ombe. Hilo la pikipiki liweke kwenye filamu dakika ya pili. Mtazamaji ataelewa bila kuambiwa kwamba mtu huyu huwa hapitwi na kitu, ndipo lile pengo la daftari litakapouma.

Hatua ya 3: Vibali na barua

Hapa sitakawia, ila usiparuke. Kazi za filamu nchini zinasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976. Unahitaji kibali kabla ya kurekodi, na filamu ikikamilika inarudi kwao kukaguliwa na kupangiwa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani. Anzia kwa Afisa Utamaduni wa manispaa akuelekeze fomu na ada za sasa, na uanze mwezi mzima kabla.

Kisha andika barua kwa mwenye jengo ukitaja siku, saa, idadi ya watu na nani atalipa umeme mtakaotumia. Mwenyekiti wa mtaa apate nakala, maana nyie ndio mtakaoonekana mmesimama gizani na vifaa saa 5 usiku. Getini bandika tangazo la siku za kurekodi, na mpangaji asiyetaka kuonekana apite kwanza, ndipo muendelee.

Sare nayo ina mtego. Usivae sare ya kampuni ya ulinzi iliyopo, usiguse sare ya polisi, na nguo za jeshi au zinazofanana nazo zisahau kabisa. Mpelekee fundi shati la kaki, mwambie ashone mifuko miwili na nembo uliyoichora mwenyewe. Ifueni mara tano kabla ya siku ya kwanza ili ipauke.

Stesheni itakutamanisha. Jengo lile la enzi za Wajerumani, ambako reli ilifika mwaka 1914, linapendeza kwenye picha kuliko kitu kingine chochote mjini. Lakini stesheni na bandari zina wenyewe na vibali vyake, droni nayo inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na mlinzi wetu hana droni. Kumbuka sharti.

Hatua ya 4: Pesa

Tuseme una 1,500,000. Mimi ningeigawa hivi: chakula na maji 450,000; sauti 350,000; wasanii 300,000; nauli na bodaboda za kuwarudisha watu usiku 200,000; sare, madaftari, balbu na kiti 100,000; nakala, vocha na dharura 100,000. Wengi wakiona mgawo huu hushangaa chakula kuwa juu na kamera haipo kabisa. Kamera utaazima. Watu tisa wenye njaa saa 4 usiku huwezi kuwaazima uvumilivu. Wali na maharage kwa wakati, chai kwenye chupa, na kazi itaenda.

Wanaojitolea waandikie karatasi: nani anapata nini filamu ikiingiza chochote, na nani ana haki ya hadithi. Nimeona urafiki wa miaka kumi ukifia kwenye filamu iliyoingiza laki mbili.

Hatua ya 5: Mlinzi wako

Usitafute nyota. Tafuta mzee au mtu wa makamo anayejua kukaa. Nenda kwenye kwaya, vikundi vya ngoma, vijiwe vya kahawa vya Ujiji. Usaili wangu ni mmoja: mpe kiti, mwambie anamsubiri mtu aliyeahidi kuja saa moja na sasa ni saa tatu, halafu rekodi dakika tatu bila neno. Anayeanza kukunja uso na kutikisa kichwa ili uone kwamba amechoka, mshukuru na umruhusu. Anayekaa tu, mara akatazama barabara, mara akajikuna kifundo cha mguu, huyo mpe kazi.

Hatua ya 6: Mwanga, na saa za Kigoma

Miongozo mingi imeandikwa na watu wa Dar es Salaam, na huku inakupoteza. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, nasi tuko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo jua letu linachelewa kiasi cha saa nzima. Utosini linafika karibu saa 7 mchana, na linazama upande wa Kongo saa 1 jioni hivi, miezi mingine saa 1 na dakika 20. Ukiambiwa "usirekodi saa 6 kwa sababu ya vivuli vya macho", hapa sema saa 7. Kati ya saa 5 na saa 9 mchana, mlinzi akae chini ya kibanda au mti, nawe umuwekee shuka jeupe upande wa pili kurudisha mwanga usoni.

Hazina yenyewe inakuja jua likishazama. Karibu na Ikweta giza linaingia haraka, na una dakika ishirini tu ambazo mbingu bado ina buluu huku taa ya geti imeshawaka. Kwenye picha huo ni usiku kamili, lakini unaona mti, ukuta na paa la jirani bila kukodi taa hata moja. Usiku halisi kwa simu ya kawaida unatoa picha ya uji. Kwa hiyo zile sini za "usiku" zinazoonyesha geti zima zigawe, shoti moja au mbili kila jioni kwa siku sita. Fanyeni mazoezi kuanzia saa 12 na nusu, kila mtu ajue mahali pake, na taa ya getini ikiwaka hakuna maswali tena. Shoti za karibu, uso na daftari, ndizo zinazoweza kusubiri saa 3 usiku, maana balbu moja inazitosha.

Balbu hiyo inunue mwenyewe, yenye mwanga wa manjano, uiwashe mbele ya kamera kabla ya kuiamini. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo rekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, la sivyo taa itaonekana inapepesa. Baadhi ya balbu za bei ya chini zinapepesa hata hapo, rudisha dukani. Kwenye simu tumia programu inayokuruhusu kufunga mwanga, rangi na fokasi, vinginevyo kila bodaboda akipita na taa yake picha nzima itapauka na kurudi.

Kama geti lako liko mwinuko na ziwa linaonekana, una pambo la bure: taa za wavuvi wa dagaa, usiku ziwa likawa kama mji mwingine. Ila zina kalenda yake. Wavuvi wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, hivyo panga siku zako kwenye mwezi mchanga. Uliza pia kama ziwa limefunguliwa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyepanga shoti hiyo mwezi wa sita angerekodi weusi mtupu.

Hatua ya 7: Sauti ndiyo ghorofa

Kwa kuwa hatupandi juu, jengo zima litajengwa kwa sauti. Hapa ndipo nakuomba utumie pesa na muda, na nina sababu ya kusema hivyo. Filamu yangu ya kwanza tulirekodi usiku mzima kwa maiki ya kamera yenyewe. Duka la jirani lilikuwa na jenereta, sisi tukaizoea baada ya nusu saa hata hatukuisikia tena. Maiki haikuizoea. Tulilazimika kurudia mazungumzo yote ndani ya kabati la nguo, blanketi kichwani, na hadi leo mdomo wa mhusika unasema "ingia" na sauti inafuata kama mwangwi wa kisimani.

Fanya hivi. Simu moja inapiga picha, ya pili inarekodi sauti karibu na mhusika, ikiwa imechomekwa maiki ndogo ya kubana kifuani chini ya shati. Piga kofi moja mbele ya kamera mwanzo wa kila shoti ili uweze kuoanisha baadaye. Kinga ya upepo ni ya lazima, kwani kiangazi upepo wa ziwani hauombi ruhusa. Sponji na kipande cha manyoya ya mdoli vinatosha. Kila mnapomaliza mahali, wote nyamazeni dakika nzima, rekodi ukimya wa pale. Ukimya wa geti la Kigoma una vyura, mbwa wawili na bati linalopoa, nao ndio utakaofunika viraka vyako wakati wa kuhariri. Jua saa za adhana na za mazoezi ya kwaya, zipangie mapumziko ya chai.

Kisha, siku moja ya mchana, bila kamera, rekodi ngazi. Namba 2 anavaa kandambili na huburuta mguu wa kushoto. Namba 4 ana visigino. Mwenye jengo ana viatu vya ngozi vipya vinavyolia. Kila mmoja apande na kushuka, haraka na taratibu, akiwa na mzigo na bila mzigo. Ongeza kitasa, komeo, sufuria inayoanguka, mtoto anayelia kisha ananyamazishwa. Baada ya dakika tano za filamu mtazamaji atawatambua wapangaji kwa miguu, na usiku wa manane zikisikika hatua asizozijua zikivuka dari, hutahitaji muziki wa kutisha.

Redio ya mlinzi isiwe redio ya kweli. Wimbo ukipita nyuma ya mazungumzo umeshaingia kwenye haki za mtu, na mitandao itaukamata. Mtafute rafiki mwenye sauti nzito asome salamu za wasikilizaji na hali ya ziwa uliyoandika mwenyewe, muicheze kupitia spika ndogo.

Hatua ya 8: Siku sita

Panga ratiba kwa kufuata mwanga, usifuate mpangilio wa hadithi. Asubuhi zote pamoja, mchana wote pamoja, na kila jioni ile shoti yenu ya buluu. Kurasa tatu au nne kwa siku ndiyo mwendo wa watu wenye akili timamu. Epuka masika, si kwa sababu ya kulowa tu: mvua ikigusa bati hakuna maiki itakayokusaidia.

Daftari liwe na nakala tatu. Kila mkirudia sini mtu anaandika jina, na mkifika mara ya sita ukurasa umejaa wageni ambao hadithi haiwajui. Mtu mmoja apewe kazi ya kukumbuka tu: apige picha ya kila kitu kabla na baada, kofia ilivyokaa, chai ilivyobaki kwenye kikombe, ukurasa gani umefunguliwa, lile pengo liko mstari wa ngapi. Asiwe mwongozaji, kwa sababu mwongozaji atasahau.

Kila jioni, kabla ya mtu kulala, nakili kazi ya siku sehemu mbili tofauti na uzifungue kuona kama zinacheza. Usifute simu hadi asubuhi.

Hatua ya 9: Kuhariri na kuijaribu

DaVinci Resolve, programu ya kuhariri, ina toleo la bure linalotosha, kama kompyuta yako ina nguvu. Kama haina, hariri kwenye simu kwa subira. Unganisha filamu nzima kwanza bila muziki wowote. Pakipwaya, jibu mara nyingi ni kukata. Sikiliza kwa spika ya simu, kisha kwa spika za kibanda umiza (banda la kuonyeshea video mtaani), kwa sababu zile besi zao zinameza mazungumzo ya chini.

Halafu fanya onyesho la majaribio kwa watu wako ishirini, yule soja uliyekesha naye akiwa mstari wa mbele. Mlangoni weka daftari lenye safu zilezile na mtu wa kulisimamia. Kila atakayetoka katikati, awe anakwenda chooni au anapokea simu, aandikwe saa ya kutoka. Filamu ikiisha, linganisha saa hizo na dakika za filamu. Wa kwenda haja watatawanyika huku na kule. Lakini ukiona watu wanne wametoka dakika ileile ya 11, fungua kompyuta usiku huohuo, rudi kwenye sini hiyo na uikate, kisha ndipo uitengeneze nakala ya kupeleka Bodi.